NYUMBA NA MALI: Amplifaya Ikinyamaza, Usiizike Upesi

Ndugu wasomaji, wiki hii twaacha kidogo habari za jikoni ili tuzungumze juu ya chombo ambacho katika nyumba nyingine huleta fedha, na katika nyumba nyingine huleta hasara na ugomvi: kikuza sauti cha gari, ambacho wengi wetu twakiita amplifaya.

Jirani yetu mmoja hapa Jinja, sajini mstaafu wa polisi, ana gari kuukuu lenye amplifaya ndani na spika mbili juu ya paa. Hulikodisha kwa matangazo ya mikutano, harusi na misiba, na fedha hizo ndizo karo ya wajukuu wake watatu. Alhamisi moja, siku mbili kabla ya harusi ambayo alikwisha kupokea arbuni yake, amplifaya ilinyamaza. Taa yake ndogo ikawaka nyekundu.

Fundi wa kwanza aliifungua, akaitazama kitambo kidogo, akasema, "Mzee, hii imekufa. Nunua mpya, na hii nitaichukua kwa bei ya chuma chakavu." Mzee alikuwa karibu kukubali. Mkewe akamzuia, akisema kwamba maiti haiuzwi kabla ya kupimwa.

Fundi wa pili aliomba aonyeshwe gari lenyewe. Alizitoa nyaya za spika kutoka katika amplifaya, akawasha. Taa ikageuka kijani. Basi ugonjwa haukuwa ndani ya chombo. Akaufuata waya wa paani mpaka mlangoni, akaona umelika kwa kubanwa kila mlango ulipofungwa, hata shaba yake ikawa inagusa bodi ya gari.

Lakini aliona na jambo jingine baya zaidi. Fyuzi kuu ilikuwa imezungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Mzee alikiri kwamba ilikuwa imeungua wiki kadhaa zilizopita, naye akafanya hivyo ili kazi isisimame. Fundi akafunua zulia la nyuma. Mpira wa waya mkubwa ulikuwa umeyeyuka. "Afande," akasema kwa upole, "hapa ndipo wajukuu wako wanapokaa." Mzee hakujibu neno.

Ndugu msomaji, taa nyekundu ni kama askari wa lindo afungaye lango aonapo hatari. Amplifaya nyingi hujizima nyaya za spika zinapogusana au kugusa bodi, joto linapozidi, volti za betri zinaposhuka mno, au kitu cha ndani kinapoungua. Kwa hiyo yafaa kuulizwa kwanza sababu ya lango kufungwa.

Ikiwa hakuna taa hata moja, tazama fyuzi, kisha waya unaofungwa kwenye bodi, kwa maana kutu chini ya skrubu yake hutosha kuzima kila kitu. Redio ikiwa imewashwa, waya mkubwa utokao betri na waya mdogo utokao redio uiamshao mtambo yapasa vyote vionyeshe kama volti 12. Injini ikinguruma, waya mkubwa uonyeshe kati ya volti 13.5 na 14.5.

Ikiwa taa ni nyekundu, zima, toa nyaya zote za spika, kisha washa tena. Nyekundu ikiondoka, kosa liko nje. Pima kila spika: ile ya omu 4 huonyesha kama omu 3 hadi 4. Ikionyesha sifuri, nyaya zimegusana. Isipoonyesha chochote, koili imekatika. Nyekundu ikibaki hata baada ya kutoa nyaya za spika na zile za sauti zitokazo redioni, na volti ni sawa, basi chombo kipelekwe kwa fundi.

Fyuzi ibadilishwe kwa fyuzi ya ampea zile zile, wala si kubwa zaidi, na ile kuu ikae karibu na betri, isizidi shubiri mbili. Fyuzi mpya ikiungua mara moja hali spika zimetolewa, acha hapo hapo. Huenda transista za ndani zimeungua, na kila fyuzi unayoongeza yaweza kuharibu nyingine. Wala usiifungue mwenyewe: kapasita zake huweza kuweka umeme hata baada ya kuzimwa.

Unapoipeleka kwa fundi, andika katika daftari aina na namba ya chombo, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari. Ulizia gharama ya uchunguzi kabla hakijafunguliwa, na uagize urudishiwe vipuri vya zamani. Transista zilizofungwa pamoja kufanya kazi moja ni bora zibadilishwe zote, nazo zirudishiwe karatasi yake ya kuzuia umeme na kukazwa vema kwenye bati la kupoozea. Zikilegea zitaungua tena upesi.

Mwambie fundi aijaribu kwanza kwa fyuzi ndogo, kama ya ampea 5, bila spika. Kisha apime umeme wa moja kwa moja katika matundu ya spika kabla ya muziki kupigwa: uwe karibu na sifuri. Ukifika volti kadhaa, utaziunguza spika zako. Mwisho, ipigwe nusu saa ikiwa imefunikwa, nawe upo hapo unasikiliza.

Sajini wetu alilipia waya mpya wa spika, waya mkubwa, fyuzi na jasho la fundi, jumla yake ikiwa ndogo kuliko bei ya amplifaya mpya. Jumamosi harusi ilitangazwa mtaa kwa mtaa, na karo ya muhula ikalipwa. Siku hizi fyuzi mbili za akiba hukaa katika kikasha cha gari, na ufunguo wa kikasha hicho anao mkewe.

Hadi wiki ijayo, twawatakia nyumba zenye amani.