Rada Haina Baba Mmoja

Kuna hadithi ambayo wasee wa mtandaoni wanaipenda sana. Ati Uingereza ilikuwa karibu kumezwa na Hitler, halafu mwanasayansi mmoja kutoka Scotland, Robert Watson-Watt, akavumbua rada na nchi ikaokoka. Picha ya mzee mwenye miwani, muziki wa huzuni, dakika moja imeisha. Unabonyeza laiki, unasonga.

Hadithi hiyo inadanganya. Haijatungwa yote, lakini inafuta watu, na huo ni uongo mbaya zaidi.

Tuanze mwanzo. Mjerumani Christian Hülsmeyer alionyesha kifaa cha kutambua meli kwa mawimbi ya redio huko Cologne mwaka wa 1904. Wanunuzi wakakosekana. Kufika miaka ya 1930, nchi kadhaa zilikuwa zinalifanyia kazi wazo hilo, kila moja kwa siri yake. Kwa hivyo huyo "baba wa rada" alimkuta mtoto ashaanza kutembea.

Mapema mwaka wa 1935, Wizara ya Anga ya Uingereza ilikuwa na swali la ajabu: je, mawimbi ya redio yanaweza kuwa miale ya kuua rubani angani? Swali likafika kwa Watson-Watt. Naye akafanya nini? Akampa msaidizi wake, Arnold Wilkins, apige hesabu. Wilkins akakuta nguvu inayohitajika ni nyingi mno, haiwezekani. Lakini hakuishia hapo. Alikumbuka kwamba mafundi wa Posta waligundua ndege ikipita karibu, mawasiliano yao ya redio yanavurugika. Sasa kama ndege inarudisha mawimbi, si unaweza kuyatumia kuiona? Akapiga hesabu tena, ikakubali. Tarehe 26 Februari 1935, karibu na Daventry, ndege ya Heyford ilipita kwenye mawimbi ya kituo cha BBC, na mitambo ambayo Wilkins alikuwa ameitayarisha ndani ya gari ikaiona.

Mwaka wa 1942 Watson-Watt akawa Sir. Baada ya vita serikali ikamtunuku takriban pauni 50,000. Sasa uliza watu kumi Wilkins ni nani.

Kama umewahi kuajiriwa Nairobi, hii filamu unaijua. Mimi niliwahi kukesha siku tatu nikipanga takwimu za ripoti, asubuhi bosi akaisimamia mbele ya wafadhili akisema "nilipokuwa nafikiria jambo hili". Mimi nilikuwa nyuma, nashughulikia projekta.

Najua kuna mtu atasema: lakini bila Watson-Watt, hesabu ya Wilkins ingebaki kwenye droo. Sawa, nakubali. Alijua kusukuma wakubwa, kutafuta pesa, na kukubali mtambo wenye kasoro ulio tayari leo badala ya mtambo kamili utakaofika vita vimeisha. Hiyo ni kazi, tena kazi ngumu. Basi tuiite jina lake: uratibu. Mratibu si baba wa kila kitu.

Na tusijidanganye kwamba kilichoshinda ni kifaa. Wajerumani nao walikuwa na rada, Freya na Würzburg, mitambo iliyoundwa kwa ustadi, na kwa usahihi iliipita ile milingoti mirefu ya Waingereza. Walichokosa mwaka wa 1940 ni mfumo kama ule uliosukwa chini ya mkuu wa ndege za kivita za Uingereza, Hugh Dowding. Vituo vya pwani viliitwa Chain Home, yaani mnyororo wa nyumbani. Kwenye kila kituo mtu alikaa mbele ya skrini akisoma mwangwi: ndege ziko umbali gani, upande gani, ngapi hivi. Taarifa ilipitia simu hadi Bentley Priory, ikalinganishwa na za vituo vingine, makosa yakachujwa, alama zikasogezwa juu ya meza ya ramani, kisha marubani wakaambiwa waruke waelekee wapi. Ukikata pingu moja ya mnyororo huo, rada inabaki kuwa televisheni ya bei ghali.

Wengi wa waliokuwa kwenye skrini, simu na ramani walikuwa wanawake vijana wa kikosi cha wasaidizi cha jeshi la anga. Tarehe 18 Agosti 1940, ndege za Ujerumani zilishambulia kituo cha Poling. Koplo Avis Hearn alibaki kwenye simu akiendelea kupitisha taarifa huku mabomu yakianguka nje. Alipewa Nishani ya Kijeshi. Mbona yeye hayuko kwenye video ya dakika moja?

Mnyororo huo ulifika hata pwani yetu. Mwaka wa 1939 Basil Schonland, mtafiti wa radi kutoka Johannesburg, alizisoma nyaraka za siri za mwanasayansi wa New Zealand, Ernest Marsden, wakiwa melini kati ya Cape Town na Durban. Akarudi Johannesburg, na pamoja na wenzake kama Bozzoli wakaunda rada yao wenyewe, ambayo ilipata mwangwi wa kwanza tarehe 16 Desemba 1939. Italia ilipoingia vitani mwaka wa 1940, na Somalia ya Waitaliano ikawa jirani adui, mtambo wao ulisimikwa Mambrui, kaskazini ya Malindi, ukitazamia ndege za Waitaliano. Leo watu huenda Mambrui kwa ajili ya ufuo na magofu. Rada? Nani alishawahi kukuambia shuleni?

Ndiyo maana nakasirika. Tukilishwa hadithi ya shujaa mmoja, tunajifunza kuabudu waanzilishi, na tunamwona anayepiga hesabu, anayeshika simu na anayechomelea waya kama watu wa kubadilishwa tu. Kisha tunashangaa kwa nini kampuni zetu zinaanguka siku mwanzilishi akiondoka.

Siku nyingine ukiambiwa fulani amevumbua kitu peke yake, uliza maswali mawili: nani alipiga hesabu, na nani alibaki kwenye simu? Kama msimulizi hajui, hajamaliza kusimulia.