Mashimo ya dhahabu yaliyoachwa: picha ipigwe kwa mbali

Mama wa Nyamongo, Majimoto na vijiji vya jirani, mwanao akirudi jioni na simu yenye picha za shimo la zamani, usianze na fimbo. Muulize alisimama wapi na aliokota nini.

Swali hili lina uzito zaidi sasa. Oktoba 2025 bei ya dhahabu duniani ilivuka dola 4,000 kwa wakia. Bei ikipanda hivyo, duara lililokuwa halilipi huanza kulipa, na mchanga wa marudio huoshwa upya. Wachimbaji wakihama, vitu hubaki: chupa ya soda yenye zebaki kidogo, beseni, madumu ya kemikali, pengine fataki ambayo haikulipuka. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, unaozitaka nchi zipunguze matumizi ya zebaki kwa wachimbaji wadogo na, inapowezekana, ziyakomeshe. Lakini mkataba hauokoti chupa. Kwa maoni yetu, tunaizungumzia sana zebaki inayonunuliwa leo na kuisahau ile iliyotelekezwa.

Zebaki ndiyo inayowavutia watoto zaidi. Inang'aa kama fedha na kugawanyika matone yanayokimbizana kiganjani. Hutoa mvuke usioonekana wala kunuka, hata bila moto. Ikichomwa, mvuke huwa mwingi zaidi. Mvuke huo hupita kwenye mapafu na kufika kwenye ubongo na figo. Kwa mjamzito, huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto aliye tumboni. Mikono kutetemeka, kukosa usingizi, kusahau, hasira za ghafla: haya ni rahisi kuyaita utundu.

Ikimwagika ndani, watoe watoto, fungua madirisha, na usifagie. Ufagio huzidi kuisambaza.

Dumu lililokuwa na sayanaidi usilifanye la maji, hata ukilisugua kwa sabuni na mchanga. Tunajua ni imara na lina mfuniko mzuri. Achana nalo.

Wengi Tarime wanakumbuka Mei 2009, maji yenye tindikali yalipovuja kutoka mgodi wa North Mara na kuingia mto Tigithe. Maji yaliyotuama kwenye shimo yanaweza kuonekana maangavu na bado yasifae kunywa wala kuoga.

Sasa picha. Ina kazi yake. Picha ya lebo ya dumu humsaidia daktari kujua kemikali. Picha ya shimo lisilo na uzio, ikionyesha na njia au mti wa karibu, humfikisha mwenyekiti wa kitongoji mahali penyewe. Ila apige mtu mzima, kwa mbali, na akuze picha kwenye kioo badala ya kusogea. Ukingo wa shimo huenda umechimbwa chini na ukameguka.

Ukiona nyaya zenye kibomba kidogo cha chuma mwishoni, huenda ni fataki. Baadhi hulipuka kwa umeme, hivyo simu isikaribie. Hapo usipige picha kabisa. Rudi ulikopita, wazuie watoto, toa taarifa polisi.

Na mtoto aliyechezea zebaki mvue nguo, muogeshe kwa sabuni, nguo hizo zitenge na nyingine, umpeleke kituo cha afya. Ukifika, taja zebaki waziwazi, hata kama ni baba yake anayechenjua uani.