Wanafunzi wa Bunia wanamjua Trump, lakini sheria za Ituri zinatungwa na nani?

Juzi nilikaa na wanafunzi saba wa mwaka wa sita wa sekondari, katika mtaa wa Nyakasanza, wakijiandaa kwa mtihani wa serikali. Niliwauliza: makamu wa rais wa Marekani ni nani? Watatu wakajibu kwa sauti moja: J.D. Vance. Nikauliza tena: nani anatunga sheria za jimbo letu? Kimya. Kisha mmoja akasema gavana. Mwenzake akamkatiza: «Hapana, ni Kinshasa.»

Sikucheka. Watoto hawa walikuwa na miaka kumi na kitu hivi pale «état de siège» ilipoanza, tarehe 6 Mei 2021. Kitabu kinawaambia gavana anachaguliwa na wabunge wa jimbo kwa miaka mitano. Wakitoka darasani wanamkuta luteni jenerali ofisini, na kazi ya bunge la jimbo imesimamishwa. Nani atamwamini mwalimu?

Baadhi ya walimu wanataka tupunguze mambo ya Marekani shuleni, eti watoto wajue kwanza ya kwao. Mimi nasema tuyafundishe, ila kwa undani. Majina ya marais hayatoshi.

Kwanza, mambo ya Washington yanafika hapa kwetu. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Tangu siku hiyo, anayeishi kwa msaada katika kambi kama ya Kigonze ana sababu ya kuuliza: pesa hiyo ilipigiwa kura na nani? Jibu ni Kongresi, si rais. Ndiyo maana kesi zilipelekwa mahakamani. Mwanafunzi akielewa hapo, ameelewa mgawanyo wa madaraka kuliko kwa kukariri kurasa kumi.

Pili, Marekani nao walipita njia inayofanana na yetu. Watu wengi hawalijui jambo hili. Katikati ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, mwaka 1864, walipiga kura ya rais, Lincoln akashinda. Vita vilipokwisha, mwaka 1867, Kongresi iliweka majimbo 10 ya kusini chini ya majenerali, katika maeneo matano ya kijeshi. Lakini sheria hiyo hiyo iliandika masharti ya kutoka: katiba mpya ya jimbo, na kukubali marekebisho ya 14 ya katiba ya nchi. Kufikia 1870 majimbo yote yalikuwa yamerudi katika Kongresi. Haikuwa kazi safi, na Weusi wa kusini walilipa vibaya miaka iliyofuata. Hata hivyo mlango wa kutokea ulijulikana.

Na sisi? Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 144, inaweka siku 30, kisha Bunge na Seneti wanaruhusu nyongeza ya siku 15 kila mara. Tangu 2021 hesabu mwenyewe.

Najua jibu: CODECO na ADF wanaua watu, huu si wakati wa masomo ya katiba. Nimefika Djugu na Irumu, sihitaji kuambiwa. Lakini kifungu cha 45 hakisemi katiba ifundishwe wakati wa amani tu. Kinaiagiza serikali kuisambaza na kuifundisha. Na kifungu cha 142 kinataka sheria zitolewe kwa Kifaransa na kwa lugha zetu nne za taifa ndani ya siku 60. Jaribu kutafuta sheria moja kwa Kiswahili pale Boulevard de la Libération, kwa wauza vitabu.

Mwalimu mmoja aliniambia hatagusa somo hilo, maana «watasema ninafanya siasa». Namwelewa, ana familia. Wakuu wa elimu ya jimbo wampe barua rasmi ya kumruhusu, asibebe mzigo huo peke yake.

Kabla sijaondoka Nyakasanza, yule kijana aliyesema gavana aliuliza: «Kama siku 15 zimepita bila kura?» Nikamwambia katiba inasema amri inakoma yenyewe. Akaandika kwenye daftari. Kisha akauliza kama hilo litatoka kwenye mtihani.