Dawa Inayoishia Kinywani



Katika nyumba nyingi za Kamanyola, na za bonde lote la Ruzizi, chakula hupikwa kwa kuni au makaa. Moshi huo, na ule wa tumbaku, ukivutwa miaka mingi huharibu mapafu kidogo kidogo. Mtu hukohoa kila asubuhi, hutoa makohozi, na mwishowe hawezi kupanda hata kilima kidogo bila kutweta. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2021 ugonjwa huu uliua watu wapata milioni 3.5 duniani. Mapafu yaliyokwisha kuharibika hayawi mapya tena. Lakini iko dawa ya kupanua njia za pumzi, nayo huvutwa kwa kichupa cha kupuliza, ambacho wengi hukiita pampu.

Tumfikirie mzee mmoja anayetoka hospitali. Amepewa pampu na kuambiwa kwa haraka, “Bonyeza, uvute.” Akaitikia, maana aliona haya kusema kwamba hakuelewa. Nyumbani akabonyeza kwanza, akavuta baadaye, na dawa ikabaki ulimini na kooni. Baada ya majuma mawili kifua kimembana tena. Jamaa wananong’ona kwamba dawa haifai, wengine kwamba amerogwa. Kumbe dawa ni njema, ila haikufika mapafuni.

Basi, afanye hivi. Aondoe kifuniko na kutikisa pampu vizuri. Atoe pumzi yote polepole. Aweke mdomo wa pampu kati ya meno, aufumbe kwa midomo. Aanze kuvuta pumzi polepole, na papo hapo abonyeze mara moja, akiendelea kuvuta mpaka kifua kijae. Kisha azuie pumzi huku akihesabu polepole mpaka 10. Kama ameandikiwa kuvuta mara mbili, angoje nusu dakika, atikise tena, arudie. Pampu yenye dawa ya kutuliza uvimbe humtaka asukutue kinywa kwa maji na kuyatema. Ziko pia pampu za unga: hizo hazitikiswi, na huvutwa kwa nguvu.

Je, kama mkono na pumzi havipatani? Mwaka 1999 waganga wa Cape Town, Afrika ya Kusini, walionyesha kwa watoto wenye pumu kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitako kwa kipimo cha mdomo wa pampu na kuzibwa pembeni, ilisaidia sawasawa na chombo cha kununuliwa. Pampu huingizwa kitakoni, na mgonjwa huvuta kwa mdomo wa chupa. Mwombeni muuguzi awaonyeshe namna ya kuitengeneza.

Nanyi wauguzi, msimwulize mgonjwa, “Umeelewa?” Mwambieni, “Baba, nionyeshe,” kabla hajatoka wodini, na tena kila anaporudi. Nanyi wanafunzi, kaeni karibu na babu na bibi zenu, mkawahesabie mpaka 10.

Lakini mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au midomo yake ikigeuka rangi, msikawie: mpelekeni hospitali mara moja. Katika siku nyingine zote, kumbukeni kwamba kuuliza si ujinga.