Zimwi Aliyegeuzwa Bwana Arusi



Juma hili napenda tutafakari pamoja jambo ambalo wazazi wengi huliona kuwa ni mchezo wa vijana tu, nalo ni simulizi za mahaba ya majini. Kuanzia Mbagala na Tandika hadi Tegeta na Bunju, vijana wetu, na watu wazima pia, huzisoma katika simu sehemu baada ya sehemu. Sehemu za kwanza hutolewa bure. Utamu unapokolea, msomaji huambiwa atume fedha kidogo kwa simu ili aletewe zilizobaki.

Kisa chenyewe karibu daima ni kimoja. Binti maskini anapendwa na kijana mzuri, tajiri, asiyejulikana kwao. Watu wanaomzunguka binti wanaanza kufa kwa namna isiyoeleweka. Mwishowe siri inafichuka: kijana ni jini, au nyoka, au mfalme wa chini ya bahari. Naye binti, badala ya kukimbia, anamkumbatia, nasi tunaombwa tushangilie. Tukiwatazama vizuri wahusika hawa, tutagundua kwamba tunawafahamu tangu utotoni. Ndio mazimwi na nyoka wa ngano za bibi zetu, waliovikwa suti na kupewa gari la kifahari.

Mtindo huu si mgeni. Katika miaka ya 2000 tulikuwa na filamu zetu wenyewe, kama Shumileta ya Mussa Banzi, ambamo jini wa kike anampenda mwanamume wa kibinadamu. Huko Marekani nako, mwaka 2011, Catherine Hardwicke alitoa filamu iliyoigeuza hadithi ya watoto ya msichana mwenye kofia nyekundu kuwa fumbo la mauaji na mapenzi, na mwisho wake mpenzi wa binti mwenyewe anageuka mbwa mwitu. Lakini Charles Perrault alipoiandika hadithi hiyo Ufaransa mwaka 1697, binti aliliwa, na hadithi ikaishia hapo. Tena aliongeza onyo kwa wasichana kwamba mbwa mwitu wa kuogopwa kuliko wote ni wale wapole, wenye maneno matamu.

Je, bibi zetu hawakufundisha vivyo hivyo? Katika makabila mengi, ya bara na ya pwani, iko ngano ya binti aliyewakataa wachumba wote wa kijijini, akamchagua mgeni mzuri kupita kiasi. Njiani kuelekea kwa mume mambo yakabadilika, na mume akaonekana kuwa zimwi. Mara nyingi aliyemwokoa ni mdogo wake, yule aliyemdharau. Funzo lilikuwa wazi: usimpime mtu kwa sura na mali, uliza kwao ni wapi, usiwadharau wanaokupenda kweli. Hapa ndipo penye ugomvi wangu na simulizi hizi mpya. Ngano ya zamani ilimfundisha binti kulitambua zimwi. Simulizi mpya inamfundisha kulipenda.

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba jini akitajwa katika hadithi, basi hadithi hiyo ni ya shetani. Shaaban Robert aliwatumia majini katika Adili na Nduguze, na kitabu hicho kinajenga utu. Katika ngano ya Sultani Darai, iliyokusanywa Zanzibar na Askofu Mwanglikana Edward Steere na kuchapishwa mwaka 1870, paa anasema, anamwua nyoka wa vichwa saba, na kumtajirisha bwana wake maskini. Bwana huyo anapomdharau paa aliyelala mgonjwa hadi akafa, anajikuta tena jaani, palepale alipoanzia. Maajabu yamejaa humo, lakini wema unabaki kuwa wema, na utovu wa shukrani unalipwa. Katika simulizi za siku hizi jini ameua jirani, ameua hata ndugu wa binti, na yote husamehewa kwa sababu ana macho mazuri na nyumba ya ghorofa.

La pili ni fumbo lenyewe. Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa mwaka 1960, alitupa maiti ya mwenye mali iliyokutwa penye mzimu. Watu walikuwa tayari kuukabidhi mzimu lawama zote. Bwana Msa hakukubali. Alivuta kiko chake, akauliza maswali, akatufikisha kwa binadamu mwenye damu na nyama. Hiyo ndiyo hadithi ya kumjengea mtu akili. Simulizi za leo hufanya kinyume: zinaanza na binadamu, zinaishia kwa jini, na hakuna anayewajibika.

Ndugu zangu, madhara yake hayabaki katika simu. Mitaani kwetu neno "jini mahaba" limekuwa jibu la kila swali. Binti amechelewa kuolewa: jini mahaba. Wanandoa hawajapata mtoto, na mume hataki kwenda kupimwa: jini mahaba wa mke. Msichana anaanguka kifafa: jini, na dawa za hospitali zinaachwa. Mume anampiga mkewe: ana kitu kinamsumbua. Hapana! Anayepiga ana jina, ana mikono, na atajibu mbele ya Mungu na mbele ya sheria. Waganga, na baadhi ya wanaojiita watumishi wa Mungu, wanakula fedha za watu hawa kwa sababu simulizi zimekwisha kuwaandalia wateja.

Biblia yetu inacho kisa cha aina hii. Katika Kitabu cha Tobiti, Sara binti Ragueli ameolewa mara saba, na mara saba pepo Asmodeo amewaua waume zake usiku wa arusi. Tobia anasema amesikia kwamba pepo huyo anampenda Sara (rej. Tob 6). Tazameni basi upendo wa pepo ulimletea nini: makaburi saba, upweke, na masimango ya mjakazi aliyemwita mwuaji (rej. Tob 3), hata akatamani kufa. Mwandishi mtakatifu hakumpamba Asmodeo hata kwa neno moja. Uzuri wote aliuweka kwa kijana mwoga aliyeingia chumbani hata hivyo, akamwinua mkewe, wakasali pamoja (rej. Tob 8). Huyo ndiye bwana arusi anayestahili kuandikiwa simulizi.

Wapo watakaosema, "Padre, ni burudani tu, angalau vijana wanasoma Kiswahili." Ni kweli, kusoma ni kwema, nami sitaki kupiga marufuku kitabu. Kanisa lenyewe liliiondolea nguvu ya sheria orodha yake ya vitabu vilivyokatazwa mwaka 1966, likaiachia dhamiri iliyolelewa ichague. Lakini dhamiri hailelewi na simu peke yake.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu. Wazazi, ulizeni watoto wenu wanasoma nini, kisha wasimulieni ngano mlizosimuliwa ninyi, na zimwi libaki zimwi. Vijana wenye kipaji cha kuandika, tuandikieni mafumbo ambamo mkosaji hupatikana na mapenzi hayanunuliwi kwa damu. Na wewe dada unayeambiwa una jini mahaba, nenda hospitali ukiwa mgonjwa; ukipigwa, nenda kwenye Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi; nasi parokiani njoo tusali pamoja, bure.

Mungu aliyewalinda Sara na Tobia azilinde nyumba zenu. Nawatakia Dominika njema.