Mfungwa wa Maisha Naye Asikilizwe

Tukisikia jambazi kafungwa maisha, tunamshukuru Mungu na kuendelea na chai yetu. Sawa. Ila tuulize kwanza: huyo aliyefungwa alifanya nini hasa?

Novemba 1999, huko Arkansas, Marekani, wavulana watatu waliondoka kwenda kuiba katika duka la kanda za video. Mmoja wao, wa miaka 14, alikuja kujua njiani kwamba mwenzake kaficha bunduki katika mkono wa koti. Wenzake walipoingia alibaki nje, akaingia baadaye. Mwenye bunduki akampiga risasi muuzaji, wakatimua mbio bila hata senti. Yule wa miaka 14 naye akahukumiwa kufia gerezani, maana sheria ya huko husema mkienda kuiba na mtu akafa, nyote ni wauaji. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya Marekani iliibatilisha adhabu ile kwa sababu alikuwa mtoto na hakimu hakuachiwa nafasi ya kupima. Angekuwa na miaka 18, uamuzi huo usingemfaa kitu.

Aliyefungwa akiwa mtu mzima hubaki na kuomba. Katika jimbo la Pennsylvania, hukohuko Marekani, mfungwa wa maisha huomba kupunguziwa adhabu, na tangu 1997 sharti wajumbe wote watano wa Bodi ya Misamaha wakubaliane kabla ombi halijamfikia gavana. Mmoja akikataa, basi.

Mtaniuliza: na wakitoka wakaua tena? Swali la haki. Sharti hilo lenyewe lilitokana na mfungwa aliyepunguziwa adhabu akatoka mwaka 1994, akaenda kuua. Waliofiwa siwaambii wasahau. Lakini dhambi ya mtu mmoja kulipwa na kila anayezeekea ndani, hiyo ni hesabu ya nani?

Na wanaozeekea ndani hufanya nini? Tazameni gereza la Angola, jimbo la Louisiana, Marekani. Humo wafungwa huwauguza wenzao wanaokufa: huwaogesha, huwalisha, huwageuza kitandani, hukesha nao. Majeneza pia huyaunda wenyewe, na mhubiri Billy Graham alipofariki mwaka 2018 alizikwa katika jeneza la plaiwudi lililotoka katika karakana yao. Mtu anayekabidhiwa usiku kucha mgonjwa asiyeweza kujigeuza, inashindikanaje kumpa saa moja mbele ya bodi ya misamaha?

Wala tusijifariji kuwa sheria ile ya kuwahesabu wote wauaji ni ya Wamarekani. Kifungu cha 206 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya huhesabu nia ya kutenda kosa kubwa la jinai kuwa ni dhamira ya kuua. Cha 200 cha Tanzania hakiko mbali nacho. Sheria hiyo tumeirithi kwa Mwingereza, na mwenyewe aliifuta kwao mwaka 1957! Waheshimiwa wabunge, vifungu vya kodi mnavirekebisha kila mwaka. Fungueni na hivi, na mkiisha, andikeni ni baada ya miaka mingapi mfungwa wa maisha ataitwa aulizwe ameutumiaje muda wake.