Mkono Usiofika Sokoni



Mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi juu ya mtu auzaye kitu asichokuwa nacho. Twawaelekea hasa ndugu zetu wa Bwejuu. Si ile ya pwani ya Unguja wanayoijua watalii, bali kisiwa kidogo cha wavuvi kilicho karibu na Kilindoni, katika Wilaya ya Mafia. Maneno haya yamhusu kila mwenye simu, lakini mtu wa kisiwani yamgusa zaidi.

Tuseme vijana watatu wamekusanya fedha za pweza na samaki kwa misimu miwili, nao wataka mashine ya boti ya nguvu za farasi 15. Usiku mmoja mmoja wao aona katika Instagram picha ya mashine hiyo hiyo, mpya, yang'aa, kwa bei iliyo karibu na nusu ya ile ya dukani. Chini ya picha watu wasifu kwamba mizigo yao imewafikia salama. Muuzaji ana adabu mno. Huitikia salamu kwa ukamilifu, huapa kwa jina la Mwenyezi Mungu, husema duka lake liko Kariakoo, na kwamba imebaki mashine moja tu na mtu wa Tanga amekwisha kuiulizia. Ataka nusu ya fedha, si zaidi. Akiisha kuipata, hutuma picha ya sanduku lililoandikwa jina la mnunuzi. Kisha yahitajiwa nauli ya mzigo mpaka Nyamisati. Kisha ushuru wa bandarini. Kisha ile nusu iliyosalia, kwa kuwa mzigo ati umekwisha pakiwa. Siku ya nne simu yake haipatikani tena.

Mtazameni vema mtu huyu. Hakuvunja mlango wa mtu, na kila shilingi alipewa na mwenyewe kwa mkono wake. Silaha yake ni umbali. Mtu wa Temeke aweza kupanda daladala akalitafuta duka hilo asubuhi ile ile. Mtu wa Bwejuu hana budi avuke kwanza kwenda Kilindoni, apande chombo mpaka Nyamisati, kisha gari mpaka Dar es Salaam. Mlaghai ajua kuwa safari hiyo haitafanywa kwa ajili ya kuhakikisha tu. Ndiyo maana humpenda mteja wa mbali, na humwuliza mapema, kwa upole, yuko wapi.

Imepokewa katika Sahihi ya Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye rundo la chakula, akaingiza mkono wake ndani, na vidole vikatoka na umajimaji. Mwenye mali akatoa udhuru wa mvua. Mtume akamwuliza kwa nini hakukiweka kile kilicholowa juu ili watu wakione, akajitenga na kila mwenye kughushi. Katika simu twaona juu ya rundo tu, na pengine hata rundo lenyewe ni la mtu mwingine, picha yake imechukuliwa bila idhini.

Huenda kijana akauliza, basi kununua kitu cha mbali ni haramu? La. Watu wa Madina walikuwa wakilipa kabla kwa tende za mwaka ujao, na Mtume hakuwakataza. Aliwataka wabainishe kipimo, uzani na muda. Hiyo ndiyo biashara ya salam, na wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wameifafanua kwa urefu: kitu kielezwe sifa zake, kiasi chake kijulikane, na siku yake na mahali pa kukabidhiana, pahitajiwapo, pabainishwe. Mwulizeni muuzaji wa simu mambo hayo moja moja. Mwenye duka hujibu bila taabu. Mlaghai hurudia habari za yule mtu wa Tanga.

Lakini dawa iliyo bora kuliko maswali ni kutafuta mkono mwingine. Ni nani asiyekuwa na shemeji au mpwa Dar es Salaam? Aende yeye dukani, aiwashe mashine, asome namba iliyopigwa ubavuni mwake, ndipo fedha zitolewe hapo hapo na risiti iandikwe. Nauli ya mpwa ni ndogo kuliko nusu ya mashine. Muuzaji akisema hapokei wageni dukani, jambo limekwisha. Pia, kabla ya kuthibitisha malipo, tazameni jina ambalo simu yawaonyesha. Ikiwa mmezungumza na Bwana fulani na jina lililotokea ni la mwanamke wa mbali, asitangulize maelezo ya kwamba ni mhasibu wake, simamisheni mkono. Wengi wa watu hawa hutumia laini zilizosajiliwa kwa majina ya wengine.

Na aliyekwisha kutapeliwa je? Twasikitika kuona wengi hunyamaza kwa haya, hasa kijana aliyetumia fedha za wenzake au za baba yake. Wazazi, msianze kwa kumkaripia, kwa maana kila saa ipitayo fedha hizo zazidi kwenda mbali. Kwanza apige simu kwa kampuni ya simu aliyolipa kupitia kwake, aombe muamala uzuiwe. Zikiwa hazijatolewa kwa wakala, pana matumaini. Namba ya mlaghai ipelekwe kwa ujumbe kwenda 15040, ambayo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania imeiweka kwa kazi hiyo. Asifute mazungumzo, ijapokuwa yamwudhi kuyaona. Ayahifadhi yote pamoja na ujumbe wa malipo, avuke nayo mpaka kituo cha polisi Kilindoni, kwani Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yamhusu mtu wa namna hii. Na wale wenzake wawili waende pamoja naye.